Sura ya Tano: Mbaazi za Udongo Mwekundu

Katika miaka kumi na minne ya upolisi, Inspekta Kayalvizhi alishafungua majalada ya pampu zilizoibwa, ya simu zilizoibwa, na moja la meno ya bandia. Hili la mbaazi lilikuwa la kwanza.

"Hebu rudia," alisema. "Taratibu, Sajini anaandika."

Sajini Ponnusami alilamba kidole akafungua ukurasa mpya. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu, na masharubu yake meupe yalikuwa yamepinda juu kama mpini wa kikombe.

Yazhini, mlalamikaji, alivuta pumzi. Alikuwa msichana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mbele yake, kwenye meza ya nyumbani kwao, palikuwa na boksi la plastiki linaloonyesha ndani, kubwa kama beseni la kuogeshea mtoto, limejaa nafaka hadi chini kidogo ya mstari uliochorwa kwa kalamu nyeusi. Mbaazi za njano zilizokobolewa, choroko za kijani, dengu nyekundu, mchele mweupe, vyote vimechanganywa kama vitambaa vya kiraka.

"Kompyuta yangu ya kubeba imefukiwa humo katikati, Afande. Nikimaliza kazi naifukia, halafu napiga picha boksi mbele na juu. Ukitaka kuitoa, lazima umwage. Ukishamwaga, punje hazikai tena zilivyokaa. Nikirudi nalinganisha na picha. Zikipishana, najua kuna mkono umepita."

"Si ungeweka kufuli tu?" Sajini aliuliza.

"Kufuli linafunguliwa na linafungwa tena, baba. Litakwambia? Siku hizi mwizi mjanja haibi kompyuta. Anaifungua, anatia kidude chake ndani, anaifunga, anaondoka. Wewe unarudi huna habari, unaandika neno lako la siri, na hapo ndipo unapoibiwa. Unampa mwenyewe."

Inspekta Kayal alishika picha mbili alizopewa. Ya Jumatatu usiku, na ya leo Alhamisi asubuhi. Hakuhitaji miwani. Kwenye ya kwanza kulikuwa na mstari wa choroko uliopinda kama mkia wa paka. Kwenye ya pili paka hayupo, wala mkia.

"Na humo ndani kuna nini cha maana?"

"Majina arobaini na moja," Yazhini alisema kwa sauti ndogo. "Wasichana wa kiwanda cha nyuzi cha Velmani. Wanaofungiwa bwenini. Wametueleza yote, mimi na Wakili Rahmath, na kesi ni Jumatatu. Mle kiwandani hakuna anayejua nani kasema. Majina yakitoka, Afande, wale wako ndani ya geti la watu wale wale."

"Basi tuwatoe."

"Ndiyo shida. Geti linafunguliwa mara moja, saa nane mchana, zamu zikibadilishana. Tukiwaambia watoke leo, watakuwa wamejitaja wenyewe, na mashahidi wengine wote watakufa moyo. Tukiwaacha na majina yameshatoka..." Alilitazama boksi. "Wakili anasubiri jibu. Wabaki au watoke."

Kayal alitazama saa ya ukutani. Saa tano kasorobo.

"Ni mimi, kannu."

Sauti ilitoka kizingitini. Bibi Nachammal, nyanya yake Yazhini, alikuwa amekaa chini na ungo mtupu mapajani, machozi yanamtiririka hadi kwenye kipini cha pua. Kwa Bibi huyu kila mtu ni kannu, yaani jicho langu: mtoto mchanga, muuza maziwa, polisi.

Kayal alichuchumaa mbele yake. "Ulifanya nini, Bibi?"

"Jana nilimwona fukusi. Anapanda ukuta wa boksi, tumbo mbele, kama diwani anakwenda mkutanoni. Kwenye mbaazi zangu! Nikasema hapana. Nikamwaga zote. Hiyo kompyuta nikaifunga kwenye sari yangu ya zamani nikailaza kitandani, isije ikaungua. Nikazipandisha juu ya paa, juani. Nikachambua mbaazi peke yake, choroko peke yake, maana nani mwenye akili zake anachanganya dengu na mchele? Jioni nikachanganya tena, nikarudisha."

"Zote?"

Bibi alitazama ungo. "Kikombe kimoja nimebakiza. Cha mchuzi wa leo, wa sambar."

Kalamu ya Sajini ilisimama. "Niandike na sambar, Afande?"

"Andika."

"Miezi minane, Bibi!" Yazhini alilipuka. "Miezi minane nakwambia usiguse!"

"Uliniambia nisiguse kompyuta. Mbaazi hukutaja."

Yazhini aligeukia dirisha. Kayal naye aliinama kidogo avae glovu, na ikamchukua muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu alikuwa anazuia kucheka.

Walitandika shuka jeupe. Wakatoa kompyuta. Sajini akapiga picha kila upande, akaandika namba ya mashine, Yazhini akatia saini. Kayal aliigeuza chali akapitisha kioo cha kukuzia juu ya skrubu, moja baada ya nyingine. Kumi. Hakuna mkwaruzo.

"Safi?" Yazhini aliuliza kwa matumaini.

"Ama haijafunguliwa, ama kaifungua mtu mwenye bisibisi nzuri. Nikiipeleka maabara Chennai watanijibu baada ya wiki mbili. Umeiwasha tangu Jumatatu?"

"Hapana. Juzi Jumanne mimi na Bibi tulikuwa Erode toka alfajiri mpaka usiku, kutoboa masikio mtoto wa binamu yangu. Jana nilikuwa mahakamani na makaratasi. Leo ndiyo niliitaka, nikalinganisha picha kwanza."

"Isiwashwe. Na mtu asiifungue mpaka niseme." Kayal alivua glovu. "Nani mwingine ana njia ya kuingia humu?"

"Dinakaran tu, mpangaji wa juu. Ana ufunguo wa mlango wa ngazi kwa sababu swichi ya pampu ya maji iko jikoni kwetu."

Dinakaran aliitwa akashuka, kijana wa miaka ishirini na sita hivi, shati limepigwa pasi, majivu matakatifu yamepakwa paji la uso, kitabu cha mitihani ya serikali kwapani. Kabla hajasalimia polisi alimwendea Bibi.

"Bibi, unalia? Umemeza dawa ya presha?"

"Nimemeza, kannu." Bibi alimwambia Kayal, "Huyu ndiye anayenikumbusha. Huyu mjukuu wangu wa kike anakumbuka wasichana arobaini na moja, mimi sipo kwenye orodha."

"Jumanne ulikuwa wapi?" Kayal aliuliza.

"Maktaba, Afande. Toka saa moja asubuhi mpaka magharibi. Lakini wakati natoka..." alisita, akakuna shingo. "Sipendi kumtia mtu matatani. Nilimkuta fundi wa intaneti getini. Jerald. Ana begi la vifaa, anachungulia ndani."

Sajini na Kayal walitazamana. Sajini akatoka na simu yake, na Dinakaran akaambiwa asubiri juu.

Kayal alitumia muda huo kutembea nyumbani humo. Alipima madirisha, akavuta nondo, akakagua komeo la mlango wa mbele. Hakuna kilichoguswa. Sajini aliporudi saa saba kasorobo, jasho lilikuwa limemfika kwenye masharubu.

"Nimemkuta Jerald juu ya nguzo mtaa wa pili. Ni kweli alikuja Jumanne, saa nne. Kapiga kengele mara tatu, hakuna aliyefungua, akaondoka. Kaniletea hadi kitabu chake cha kazi. Saa nne na robo alikuwa kwa mwalimu jirani, na mwalimu kakubali."

"Kwa hiyo hakuna kitu."

"Kipo kidogo. Anasema alidhani watu wapo, kwa sababu chumba cha juu dirisha lilikuwa wazi na feni inazunguka."

Kayal alitoa kalamu. Aliandika kwenye kiganja: feni.

"Mnaandika tu, hamli," Bibi alisema toka jikoni. "Kaeni chini."

"Bibi, tuko kazini," Kayal alisema.

"Kazi inafanywa na tumbo tupu? Sajini mwenyewe kakonda."

Sajini, ambaye mkanda wake ulikuwa kwenye tundu la mwisho, alikuwa ameshakaa. Bibi alipakua wali kwenye majani ya mgomba, akachota sambar, akamwaga juu. Yazhini alikataa kula. Kayal alikusudia kuonja tonge moja la heshima.

Akatafuna. Akasimamisha taya.

Bibi alimwona. Akachovya kidole chake mwenyewe, akaonja, na uso ukamshuka. "Haijapata kunitokea. Tangu niolewe. Nusu zimelainika rojorojo, nusu ngumu kama kokoto. Mbaazi zangu zinaiva kwa filimbi tatu za sufuria ya mvuke, hata ukinifumba macho. Leo nimepiga filimbi saba." Alijifuta kwa ncha ya sari. "Nimezeeka. Naharibu kesi, naharibu na mboga."

Kayal alichagua punje mbili kwenye mchuzi akaziweka ukingoni mwa jani. Moja alipoigusa ilitandazika. Nyingine ilikimbia chini ya kidole.

"Bibi, mbaazi hizi zimetoka mfuko mmoja?"

"Zote shambani kwa kaka yangu, upande wa Pollachi. Tunaziloweka, tunazipaka udongo mwekundu, tunaanika, ndipo tunakoboa. Kwa mikono hii. Mbaazi ya udongo inaiva haraka na fukusi haisogelei hata ukiiweka mwaka mzima..."

Mwiko ulibaki hewani, unadondosha mchuzi.

"Endelea, Bibi," Kayal alisema polepole. "Fukusi haisogelei."

"Haisogelei," Bibi alinong'ona. "Sijawahi kumwona fukusi kwenye mbaazi zangu. Miaka hamsini na tisa."

"Basi yule diwani katoka wapi?"

Hakuna aliyeendelea kula isipokuwa Sajini, naye alikuwa anatafuna kimya kimya.

Kayal alilivuta boksi, akachota bakuli moja, akamwaga kwenye ungo. Yazhini alileta mtungi wa akiba ya jikoni ambamo ndimo alimozitoa mbaazi za boksi toka mwanzo, ili wapate za kulinganisha. Bibi alikaa chini, akakunja miguu, akaanza. Vidole vyake vilikwenda haraka kama vya mtu anayehesabu shanga za sala, bila hata kuangalia vizuri. Choroko pembeni. Dengu pembeni. Mchele pembeni. Halafu mbaazi, mafungu mawili.

"Hii yangu. Hii yangu. Hii si yangu. Itazame, kannu, inang'aa. Wameipaka mafuta ya dukani ipendeze. Hii yangu. Hii ni ya mtu."

"Jana ulipozianika hukuona?" Yazhini aliuliza, na hasira yote ilikuwa imemtoka.

"Jana nilivua miwani. Nilikuwa namtafuta fukusi peke yake." Alimshika mjukuu wake mkono. "Vidole viliniambia kuna kitu. Nikadhani ni baridi yabisi."

Kayal alisimama. "Sikilizeni. Boksi lilifunguliwa kabla ya Bibi. Aliyefungua alimwaga, nyingine zikampotea. Akirudisha pungufu hazifiki kwenye mstari wa kalamu, na mwenye nyumba ataona. Kwa hiyo kaenda dukani kujaziliza. Alijua za kununua ni mbaazi. Asichojua ni kwamba mbaazi za nyumba hii zina kwao. Sajini, ngazi."

Sajini alinawa mkono akaenda. Walimsikia akipiga magoti kwa shida, halafu akiguna. Alirudi na kipande cha karatasi. Juu yake punje nne za mbaazi, zisizong'aa, zenye wekundu kidogo kwenye kingo.

"Kwenye ufa wa ngazi ya sita. Na ya tisa."

Bibi hakuuliza zilikuwa zinaelekea kwa nani. Alitazama punje zile kwa muda. "Wiki iliyopita alikaa hapa jikoni," alisema. "Akaniuliza, Bibi, hii ya njano inaitwaje? Hii ya kijani? Akaandika kwenye daftari. Nilifurahi. Nikasema huyu mtoto atakayemuoa atafaidi."

Saa saba na dakika kumi Dinakaran aliketishwa mezani. Kayal aliweka mbele yake visahani viwili.

"Ipi ya Bibi?"

Alitazama kimoja, akatazama kingine. "Zote mbaazi, Afande."

"Jina umelishika vizuri. Sasa nieleze hizi nne zilifikaje ngazi ya sita na ya tisa, na feni ya chumbani kwako ilikuwa inampulizia nani Jumanne saa nne wakati wewe uko maktaba, na ulimkutaje Jerald getini saa hiyo ikiwa ulitoka saa moja."

Kijana aliinua macho. Akamwangalia Bibi, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kwa sababu Bibi alikuwa anamwangalia bila hasira yoyote, amesahau hata kufuta machozi. Mabega yakamlegea.

"Liliniponyoka ngazini," alisema. "Mfuniko ukafunguka. Nyingine zikaanguka hadi kwenye tundu la maji."

"Nani kakutuma?"

"Mtu wa Velmani. Yeye ndiye aliyenitafutia chumba hiki."

"Umempa nini mpaka sasa? Fikiria kabla hujajibu, wako wasichana arobaini na moja wanasubiri mdomo wako."

"Sijampa kitu, naapa. Yote ndani imefungwa kwa neno la siri. Nimetia kidude tu, kwenye waya wa kibodi. Kinasubiri aandike. Akiandika, kinatuma chenyewe."

Kayal hakuchukua kiapo chake. Alivaa glovu upya. Sajini akapiga picha, Yazhini akashika taa, na skrubu kumi zikatoka moja moja zikapangwa kwenye kisahani cha Bibi. Mfuniko ulipoinuka, kilikuwepo: kijikipande cheusi, kidogo kama ukucha wa mtoto, kimejibana kwenye waya. Kayal alikitoa kwa kibano, akakitia kwenye bahasha, akalamba gundi, akaandika saa.

"Lakini picha," Yazhini alisema ghafla. "Ulifanyaje kuhusu picha? Si ningeona punje zimehama?"

"Nilikuwa nakuona ukipiga mbele na juu tu," Dinakaran alijibu, macho chini. "Na mimi nilipiga yangu kabla ya kumwaga. Nikazipanga kwa kibano. Punje moja moja, kama ilivyokuwa. Hata ule mkunjo wa choroko."

"Ilikuchukua muda gani?" Sajini aliuliza. Hakuweza kujizuia.

"Masaa kumi na moja."

Yazhini alikaa chini polepole.

"Kwa hiyo leo asubuhi," alisema, "ningelinganisha, ningekuta sawa. Ningeiwasha. Ningeandika neno la siri." Aligeuka. Kayal naye akageuka, na Sajini, wote watatu wakimtazama mtu mmoja kizingitini.

"Mnanitazama nini?" Bibi aliuliza.

Yazhini alimwendea akapiga magoti, akaficha uso kwenye mapaja yake, palepale ungo ulipokuwa. Bibi alimpapasa nywele kwa mkono mmoja wenye vumbi la dengu. Lakini alikuwa bado anamwangalia kijana.

"Masaa kumi na moja," alisema. "Siku hiyo ulikula nini?"

Dinakaran, ambaye hakulia alipoonyeshwa punje wala alipoonyeshwa bahasha, sasa alijifunika uso.

Saa saba na dakika ishirini na tano Kayal alipiga simu.

"Wakili Rahmath? Wabaki. Hakuna jina hata moja lililotoka. Waingie zamu kama kawaida. Na Jumatatu nitakuja mahakamani na shahidi mmoja wa ziada, kutoka upande wa Velmani." Alisikiliza. "Hapana, si maabara iliyogundua. Ni Bibi. Nitakueleza."

Yazhini aliuliza kama anaweza kulijaza boksi upya jioni hiyo. Bibi alisema ajaze, lakini kwa mbaazi za dukani, za kwake ni za kula. Wakabishana hadi Sajini alipowasha gari.

Walikuwa wanatoka getini, Dinakaran kiti cha nyuma na pingu mikononi, Bibi alipokuja mbio, kadiri goti linavyomruhusu, na chombo cha chakula cha ngazi tatu kimefungwa kwa kitambaa. Alikipitisha dirishani, akakiweka mapajani mwa Kayal.

"Sajini ameshakula," alisema. "Hiki si chake."

Kituoni, kabla ya kuandika maelezo, Kayal alimfungua kijana mkono mmoja akamsogezea chombo. Wali juu, kachumbari katikati, sambar mpya chini, bado ya moto. Dinakaran aliitazama kwa muda. Alichovya tonge, akala. Akachovya tena, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu ndani yake.

"Zimeiva zote sawa," alisema.

"Ndiyo," Kayal alisema, akifungua jalada. "Amezichambua."